Gavriil Ilizarov: Tabibu wa Siberia aliyerefusha mifupa kwa robo milimita

MWAKA wa 1944, Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vikielekea ukingoni, daktari kijana mwenye umri wa miaka 23 aliwasili Dolgovka, kijiji cha wakulima katika jimbo la Kurgan, Siberia Magharibi. Jina lake lilikuwa Gavriil Abramovich Ilizarov.

Hakuwa bingwa wa mifupa. Kama walivyokuwa madaktari wengi wa mashambani enzi hizo, alilazimika kuwa tabibu wa kila kitu, kuanzia uzazi na homa za watoto hadi majeraha ya mashine za shambani.

Lakini wagonjwa waliomsumbua zaidi moyoni walikuwa wanaume waliorejea kutoka vitani. Risasi na mabomu yalikuwa yamewavunja miguu, na mifupa ilikuwa imekataa kuunga. Wengine iliunga ikiwa imepinda, au mguu mmoja ukabaki mfupi kuliko mwenzake.

Tiba iliyokuwapo ilikuwa plasta. Mgonjwa alifungwa kuanzia kiunoni hadi vidoleni, akalazwa chali kwa miezi. Plasta ilipofunguliwa, misuli ilikuwa imenyauka na goti limekauka kama mti, na mara nyingi mfupa wenyewe ulikuwa ungali na ufa.

Ni kutokana na majeruhi hao ndipo ilipozaliwa njia ya kurefusha mifupa ambayo leo inatumika kote ulimwenguni. Ni njia hiyo hiyo ambayo katika miaka ya karibuni imewavutia vijana wazima wa afya wanaotaka kuongeza sentimita kadhaa za kimo, baadhi yao bila kujua kwamba upasuaji wenyewe ndio sehemu fupi kabisa ya safari wanayoianza. Maisha ya mwanzilishi wake yanaeleza vyema kwa nini.

Ilizarov alizaliwa Juni 15, 1921 katika mji mdogo wa Białowieża, nchini Poland. Babake alikuwa Myahudi wa jamii ya milima ya Caucasus, na haukupita muda mrefu kabla ya familia kuhamia kwao, katika eneo la Qusar, kaskazini mwa Azerbaijan, karibu na mpaka wa Dagestan.

Huko walikuwa maskini wa kutupwa. Baba alifariki watoto wakiwa wangali wadogo, na Gavriil, aliyekuwa kifungua mimba, akalazimika kumsaidia mama kuwalea wadogo zake. Darasani aliingia akiwa amekwisha kuvuka umri wa miaka 10, wakati wenzake walikuwa wamepiga hatua kubwa. Aliwafikia, kisha akawapita.

Alijiunga na shule ya matayarisho ya utabibu mjini Buynaksk, Dagestan, na mnamo 1939 akaingia katika chuo cha udaktari cha Crimea, mjini Simferopol. Miaka miwili baadaye majeshi ya Ujerumani yaliivamia nchi. Chuo kizima kilihamishwa hadi Kyzylorda, Kazakhstan, na huko ndiko alikohitimu mwaka wa 1944 kabla ya kupelekwa Kurgan.

Kwa hivyo alifika Siberia akiwa amesoma kwa shida na kuhama kwa shida, bila mwalimu mashuhuri wa kumshika mkono wala jamaa mwenye cheo huko Moscow. Jambo hili lilikuja kumgharimu miaka mingi.

Mapema katika miaka ya 1950 alihamia mjini Kurgan na kuanza kujishughulisha na mifupa pekee. Swali lililomkera lilikuwa jepesi kulitaja: vipande viwili vya mfupa uliovunjika vitashikiliwaje visitikisike hata kidogo, ilhali mgonjwa mwenyewe anaendelea kusimama na kutembea?

Jibu alilolipata lilifanana zaidi na kazi ya karakana kuliko ya hospitali. Alitengeneza pete za chuma zinazouzunguka mguu kwa nje. Kupitia ngozi, nyama na mfupa alipitisha nyaya nyembamba za chuma, unene wake ukiwa milimita 1.5 hadi 1.8 hivi, zikipishana kama msalaba. Kila waya ulivutwa ukakazwa kwenye pete, nazo pete zikaunganishwa kwa fito zenye nati.

Masimulizi ya Kurgan yanasema kwamba mwanzoni alitumia spoki za baiskeli. Yeyote aliyewahi kukaza gurudumu la baiskeli ataelewa mara moja siri ya kifaa hicho. Spoki moja ni laini na hupinda kwa vidole, lakini spoki nyingi zilizokazwa pamoja hubeba mtu mzima na gunia lake la mahindi.

Aliomba hati ya ubunifu mwaka wa 1952 na akaipata 1954. Mwaka uliofuata alikabidhiwa idara ya majeruhi katika hospitali ya Kurgan iliyowahudumia walemavu wa vita. Wagonjwa waliokuwa wakilala miezi na miezi wakaanza kusimama siku chache baada ya kufungwa pete zile, wakatembea na mifupa yao ikaunga.

Hadi hapo alikuwa amepata njia ya kuunga mifupa. Njia ya kuirefusha ilifuata kwa namna ambayo inasimuliwa kama bahati.

Simulizi inayojulikana zaidi ni hii. Mgonjwa mmoja alikuwa ameagizwa kukaza nati kidogo kidogo ili vipande vya mfupa vibanane. Ilizarov akasafiri. Aliporejea alikuta nati zimezungushwa kinyume, vipande vimeachana badala ya kukaribiana. Alitarajia kuona pengo tupu, lakini picha ya eksrei ilionyesha kwamba katika lile pengo palikuwa pameota mfupa mpya.

Iwe ilitokea hivyo hasa au simulizi imenogeshwa na wasimulizi, alichokifanya baadaye ndicho kilichomtofautisha na wengine. Hakukimbilia kuutangazia ulimwengu. Alirudi kwenye maabara na kutumia miaka mingi akiwachunguza mbwa, akivuta mifupa yao kwa kasi tofauti na kuangalia kinachotokea katika mfupa, misuli, mishipa ya damu na neva.

Ilipovutwa nusu milimita kwa siku, mara nyingi mfupa ulijiunga mapema na kukataa kuvutika tena. Ilipovutwa milimita 2, mfupa mpya haukuota vizuri na nyama zikaanza kuharibika. Milimita 1 kwa siku ndiyo iliyofaa.

Hata hiyo milimita 1 haikutakiwa kuvutwa kwa mkupuo mmoja. Kadiri ilivyogawanywa ndivyo mwili ulivyoipokea vyema. Akapendekeza igawanywe mara 4, yaani robo milimita kila baada ya saa 6.

Aidha, aligundua umuhimu wa namna ya kuukata mfupa. Alitaka ganda la nje pekee likatwe, kwa uangalifu, ili utando unaoufunika na mishipa ya damu iliyomo isalie salama kadiri iwezekanavyo. Baada ya kukata, alisubiri siku kadhaa kabla ya kuanza kuvuta, ili mwili uanze kwanza kazi yake ya kuponya.

Si yeye aliyekuwa wa kwanza kujaribu kurefusha mfupa. Mnamo 1905, Alessandro Codivilla wa Bologna, Italia, alikuwa ametangaza matokeo ya kuurefusha mfupa wa paja kwa kuukata na kuuvuta kwa nguvu kubwa kwa muda mfupi. Baadhi ya wagonjwa waliotibiwa kwa njia za aina hiyo walipata madhara mabaya ya neva na maambukizi, na kwa miongo mingi madaktari wengi waliuogopa upasuaji huo. Alichokileta Ilizarov ni ile kasi ndogo.

Hebu tutafakari maana ya hesabu hiyo kwa mgonjwa. Tuseme mguu unahitaji kurefushwa kwa sentimita 5. Baada ya upasuaji kuna takriban juma moja la kusubiri. Kisha kuna siku 50 za kuzungusha nati, mara 4 kila siku.

Watu wengi hudhani kwamba hapo kazi imekwisha, lakini haijafika hata nusu. Mfupa ulioota katika pengo ungali laini, hauwezi kuubeba mwili, na sharti pete zibaki zimeushikilia hadi ukomae. Kwa kawaida madaktari hukadiria mwezi mmoja hadi mmoja na nusu wa kuvaa kifaa kwa kila sentimita. Hivyo basi, sentimita 5 ni miezi 5 hadi 7 na zaidi. Mtu mzima hukawia kuliko mtoto, na mvuta sigara hukawia zaidi kwa sababu tumbaku huzorotesha kupona kwa mfupa.

Nao mfupa ndio mtiifu kuliko viungo vyote. Misuli, kano na neva huburutwa nyuma yake zikilalamika. Muundi ukirefushwa, misuli ya shavu la mguu na kano ya kisigino hukaza, na usipofanya mazoezi kisigino huinuka na mgonjwa akabaki akitembelea ncha za vidole. Paja likirefushwa, goti hukataa kukunjika. Viungo vikibanwa kupita kiasi huweza hata kuteguka mahali pake.

Neva ikivutwa kupita uwezo wake, mgonjwa huhisi ganzi na vichomi, kisha wayo hulegea na kushindwa kuinuka. Ikigunduliwa mapema, dawa yake ni kupunguza kasi au kusimamisha uvutaji, na wakati mwingine kufanya upasuaji wa kuilegeza neva hiyo. Ikipuuzwa, madhara huweza kuwa ya kudumu.

Kuna pia yale matundu ambamo nyaya hupita. Kila tundu ni mlango wa vijidudu. Wekundu, maji na usaha kwenye matundu ni mambo ya kawaida mno kwa wavaaji wa kifaa hicho, na mengi hutulia kwa usafi wa kila mara na dawa za kuua viini. Machache hushuka hadi kwenye mfupa, na hapo ndipo tatizo dogo hugeuka janga.

Kadhalika mfupa mpya unaweza kuunga mapema kabla ya urefu kutimia, au kuchelewa kuunga, au kupinda. Hata baada ya pete kuondolewa, unaweza kuvunjika tena mgonjwa akijiamini upesi kupita kiasi. Damu inaweza kuganda katika mishipa ya mguu.

Tusisahau maumivu ya usiku na usingizi unaopotea. Tusisahau pia unyonge wa moyo unaompata mtu aliyefungiwa chuma mguuni majira baada ya majira, akiwategemea wengine kwa kuoga na kuvaa. Mambo haya hayaonekani kwenye eksrei, lakini yamewafanya wagonjwa wengine kuomba pete zitolewe kabla ya wakati.

Ilizarov aliyajua haya, na ndiyo maana tiba yake haikuishia kwenye meza ya upasuaji. Alisisitiza mgonjwa aukanyagie mguu na kutembea, viungo vikunjwe na kunyoshwa kila siku, eksrei ipigwe mara kwa mara na kifaa kirekebishwe kila panapoonekana dalili ya mfupa kwenda upande. Huko Kurgan wagonjwa walikaa chini ya macho ya madaktari kwa miezi. Hilo liliwezekana kwa sababu walikuwa katika hospitali za serikali, ambako hakuna aliyedaiwa kitanda kwa siku.

Ufanisi huu wote ungetarajiwa kumfanya mashuhuri nchini mwake upesi. Haikuwa hivyo.

Wakuu wa tiba ya mifupa huko Moscow walimwona kama fundi wa vyuma kutoka mashambani. Kurgan iko takriban kilomita 2,000 mashariki mwa mji mkuu, na habari za daktari anayeotesha mifupa kwa pete na nati zilisikika kama porojo za waganga. Kwa zaidi ya mwongo mmoja kifaa chake hakikusambazwa ipasavyo katika hospitali za nchi.

Mambo yalianza kugeuka mwaka wa 1968. Aliwasilisha tasnifu yake mjini Perm akiomba shahada ya chini ya mtafiti. Wakaguzi walipoisoma waliamua kumruka ngazi na kumtunuku moja kwa moja shahada ya juu ya udaktari wa sayansi za tiba.

Mwaka huo huo alimpokea mgonjwa ambaye nchi nzima ilimjua. Valery Brumel alikuwa bingwa wa Olimpiki wa kuruka juu katika michezo ya Tokyo ya 1964, na mshikilizi wa rekodi ya dunia ya mita 2.28 aliyoiweka mwaka wa 1963. Oktoba 1965 alipata ajali ya pikipiki, mguu ukasagika. Alipasuliwa mara nyingi, lakini mfupa haukuunga na mguu ukawa mfupi.

Aliwasili Kurgan akiwa mtu wa magongo. Ilizarov aliuunga mfupa na kuurejeshea mguu urefu wake kwa wakati mmoja. Brumel hakuipata tena rekodi yake, ila alirudi uwanjani na kuruka tena zaidi ya mita 2, jambo ambalo wanaume wengi wenye miguu isiyowahi kuvunjika hawajawahi kuliota.

Baada ya hapo magazeti ya Sovieti yalilifahamu jina la Kurgan. Mwaka wa 1970 alifika huko mtunzi mashuhuri wa muziki, Dmitri Shostakovich, aliyekuwa akisumbuliwa na udhaifu wa mikono na miguu. Maradhi yake hayakuwa ya kuvunjika mfupa na hayakupona, lakini kwa muda alipata nafuu. Mwishoni mwa 1971 Kurgan ilipata taasisi yake kamili ya utafiti na tiba ya mifupa, mkurugenzi akiwa Ilizarov, naye akaiongoza kwa takriban miaka 20. Ikakua hadi kuwa na mamia ya vitanda.

Tuzo ya Lenin ilimfikia mwishoni mwa miaka ya 1970, na mnamo 1981 akatunukiwa cheo cha Shujaa wa Kazi ya Kisoshalisti. Waliomfahamu wanamkumbuka kama mtu mwenye masharebu mazito na mikono isiyotulia, aliyependa kuwachekesha watoto wodini kwa mazingaombwe.

Ng'ambo ya mipaka ya Muungano wa Kisovieti na washirika wake, hata hivyo, alikuwa hajulikani. Aliyelibadilisha hilo hakuwa daktari.

Carlo Mauri alikuwa mpanda milima kutoka Lecco, Italia. Mnamo 1958, yeye na Walter Bonatti walikuwa wa kwanza kukifikia kilele cha Gasherbrum IV katika safu ya Karakoram. Baadaye alivunjika mguu alipokuwa akiteleza kwenye theluji. Mfupa haukupona sawasawa, na kwa karibu miaka 20 alitembea akichechemea, mguu mmoja ukiwa mfupi.

Hata na mguu huo alisafiri. Alikuwa miongoni mwa mabaharia wa Thor Heyerdahl katika vyombo vya matete, Ra na baadaye Tigris, kile kilichomalizia safari yake Djibouti mnamo Aprili 1978, kikateketezwa moto na mabaharia wake wenyewe kulalamikia vita vya pembe hii ya Afrika. Katika safari hizo tabibu alikuwa Mrusi, Yuri Senkevich, naye alimshauri aende Kurgan.

Mauri alifunga safari mwaka wa 1980. Aliporudi Lecco, mfupa ulikuwa umeunga na mguu umenyooka na kurefuka. Madaktari wa kwao, ambao walikwisha kukata tamaa, waliziangalia picha za eksrei wasiamini.

Juni 1981 walimwalika Ilizarov kuhutubia mkutano wa madaktari mjini Bellagio, karibu na ziwa la Como. Alikuwa na umri wa miaka 60, na ndipo kwa mara ya kwanza alipowaonyesha wenzake wa Magharibi kazi yake ya miaka 30. Waitaliano wakaanza kumiminika Kurgan, wakafuatwa na Wamarekani na wengineo.

Miongoni mwao alikuwemo Dror Paley, daktari kijana aliyesomea Canada. Paley alifanya jambo ambalo kwa maoni ya mwandishi wa makala haya ni muhimu sawa na kuusambaza ufundi wenyewe. Mnamo 1990 alichapisha mpangilio wa madhara yanayozuka wakati wa kurefusha mfupa, akiyagawa mafungu matatu. Kuna matatizo yanayotulia bila kurudi chumba cha upasuaji, kuna vikwazo vinavyohitaji upasuaji mwingine ili kuondolewa, na kuna madhara halisi yanayobaki hata baada ya tiba kukamilika.

Ukiusoma mpangilio huo unaona wazi kwamba daktari mwenye ujuzi hamwambii mgonjwa kuwa hakutatokea lolote. Anamwambia kwamba lazima litatokea jambo, na kazi yao wote wawili ni kulikamata likiwa bado katika fungu la kwanza.

Kwa mtoto aliyezaliwa na mguu mmoja mfupi, au mtu mzima ambaye ajali ilimnyang'anya kipande cha mfupa, mizani ni rahisi kuisoma. Bila tiba atachechemea maisha yake yote, uti wa mgongo upinde, au mguu ukatwe. Watu waliozaliwa na maradhi ya kudumaa kwa mifupa wamerefushwa kwa awamu kadhaa, baadhi zaidi ya sentimita 20 kwa jumla, na kwao tofauti ni kuifikia swichi ya taa au kutoifikia.

Mizani hiyo inabadilika anapofika kijana asiye na kasoro yoyote, ambaye tatizo lake ni kwamba wenzake ni warefu kumliko. Miguu yake yote miwili itakatwa. Hatari zote zilizotajwa zitamkabili mara mbili, na anachoweza kupoteza ni miguu inayokimbia vizuri.

Biashara hiyo ilipamba moto nchini Uchina mwanzoni mwa karne hii, wakati kazi na hata nafasi za masomo zilipokuwa zikitangazwa na masharti ya kimo. Baada ya visa vya watu kuachwa na miguu iliyopinda au isiyounga, wizara ya afya ya nchi hiyo ilipiga marufuku mwaka wa 2006 upasuaji wa kurefusha miguu kwa ajili ya urembo tu, ikauruhusu kwa sababu za kitiba pekee.

Katika nchi nyingine unaendelea, sasa mara nyingi kwa msumari unaowekwa ndani ya uboho na kurefushwa kwa sumaku kutoka nje. Msumari huo umeondoa ile adha ya matundu na nyaya. Haujaondoa kukaza kwa misuli, kuumia kwa neva, wala miezi ya kusubiri mfupa ukomae. Aina mojawapo, iliyobuniwa ili mgonjwa aweze kukanyaga mapema, iliondolewa sokoni mwaka wa 2021 baada ya madaktari kuona dalili za kutu na mabadiliko yasiyoeleweka katika mfupa ulioizunguka.

Anayezingatia jambo hili ana maswali ya kumuuliza daktari kabla ya kuuliza bei. Nani atamwona kila juma wakati wa kuvuta, na nani atamfanyisha mazoezi kila siku? Tatizo likizuka usiku atakimbilia hospitali gani, hasa ikiwa alipasuliwa ng'ambo na amekwisha kurejea nyumbani? Atakaa bila kazi kwa muda gani, na nani atawalisha wanaomtegemea? Je, yuko tayari kuacha sigara? Kama ana kisukari, kimedhibitiwa? Na iwapo daktari atamwomba asimame sentimita 3 badala ya 6 kwa sababu neva imechoka, atakubali?

Humu nchini, wengi wanaovishwa pete hizo hawakuzifuata kwa sababu ya kimo. Aliyewahi kupita katika wodi za mifupa za hospitali zetu kubwa amewaona majeruhi wa bodaboda, kifaa kimeizunguka miundi yao, wakisubiri mfupa uliosagika uunge au uote upya. Hali yao inakaribiana sana na ile ya Brumel mwaka wa 1965, na inakaribiana zaidi na ile ya askari waliorejea Dolgovka.

Miongoni mwao anayepona vyema mara nyingi si yule aliyepasuliwa kwa kifaa cha bei kubwa. Ni yule anayeosha matundu yake kila siku, anayekula vyakula vya kujenga mwili, anayefanya mazoezi hata yanapouma, na asiyekosa siku yake ya kliniki hata nauli inapokuwa ngumu. Mwenda pole hajikwai, walinena wahenga, ingawa huenda hawakuwa wakifikiria nati.

Ilizarov aliuona Muungano wa Kisovieti ukisambaratika mnamo 1991, mwaka ambao pia alipewa uanachama kamili wa akademia ya sayansi ya Urusi. Alifariki mjini Kurgan Julai 24, 1992 akiwa na umri wa miaka 71, akazikwa huko huko.

Taasisi aliyoianzisha ingali inawapokea wagonjwa na inaitwa kwa jina lake. Sayari ndogo nambari 3750, inayolizunguka jua mbali huko, nayo imepewa jina hilo.

Wanaorefusha mifupa siku hizi kwa sumaku, wakibonyeza kitufe badala ya kuzungusha nati, huanza bado kwa kipimo kile alichokipata katika maabara yake: milimita 1 kwa siku, ikigawanywa mara kadhaa.